Walimpa Pamba

Mwaka wa 1959, Wabelgiji waliotutawala walipotangaza kwamba sisi nasi tutachagua watu wa baraza la teritwari, yaani wilaya yetu, kaka yangu Octave alikuwa wa kwanza kwenda kujiandikisha kugombea. Alikuwa fundi wa cherehani sokoni Wamaza, na neno lake lilikuwa moja tu: pamba ya lazima ikome. Kila nyumba ilipimiwa shamba lake la pamba. Usipolima, polisi walikuja na kamba. Ukilima, muhogo wako ulisongwa na magugu na watoto wakalala njaa. Mimi nimebeba pamba kichwani tangu sijavunja ungo, kwa hiyo nisiambiwe habari zake na mtu.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alichorewa picha kwenye karatasi ya kura. Octave aliomba mkasi. Mzungu wa teritwari akacheka.

"Weye unashona nguo," alimwambia. "Nguo inatoka wapi? Kwa pamba! Basi, picha yako iko pamba."

Ikawa imekwisha. Na mpinzani wake, kapita Fidèle, msimamizi wa pamba, yule yule aliyekuwa akiwachongea waliokwepa shamba kwa polisi, alipewa nini? Muhogo! Muhogo mnene, na majani yake juu. Hata leo nikilitaja jambo hili damu inanichemka.

Siku ya kura tulitoka alfajiri kwa baiskeli, Octave akikanyaga na mimi nimekaa nyuma, tupite vijijini kuwaeleza watu kabla hawajaenda kupiga kura. Kijiji cha kwanza tu, mzee mmoja alimtazama kaka yangu kwa huruma.

"Octave, mutoto yetu, na weye umekuwa mutu ya pamba?"

"Hapana, baba. Ile pamba ya kwa karatasi iko miye. Muchague pamba ili pamba iishe."

"Mutu gani anapanda kitu ili kiishe?"

Watu wakaangua kicheko. Octave alieleza tena, akaapa, akaonyesha mikono yake yenye sugu za jembe. Tulipoondoka bado walikuwa wanacheka. Kijiji cha pili hivyo hivyo, na cha tatu, mpaka sauti ikamkauka. Mwingine alituambia bila aibu kwamba ubaya wa Fidèle anaujua wote, lakini muhogo ni chakula.

Wanawake ndio walioelewa upesi. Mama Albertine, mjane aliyewahi kufungwa kwa sababu ya shamba lake, alimshika Octave mkono akamwambia, "Siye tungekuchagua weye." Tungekuchagua! Wanawake hatukuwa na kura. Migongo ya kuinama kwenye pamba tulikuwa nayo, na vichwa vya kuibeba, lakini kura ni ya wanaume. Nani alipanga hivyo? Hakutuuliza.

Mchana tulimkuta baba yetu kwenye foleni mbele ya shule, amevaa koti lake la kanisani. Octave alimsogelea.

"Baba, usisahau. Picha ya pamba iko miye."

"Najua, mwana," baba akajibu, akaingia.

Jioni walitangaza kwamba Fidèle ameshinda. Walimbeba juu juu wakiimba, watu wale wale aliowafungisha! Nilitema mate chini, na sikujali nani ananiona.

Nyumbani Octave hakugusa chakula. Alikuwa akizunguka uani akikilaani kijiji kimoja baada ya kingine, akiwaita wote wajinga, vipofu, watu wasiojua nani anawatakia mema. Baba alimsikiliza muda mrefu, kisha akamkatiza.

"Uwache watu. Na miye nilichagua muhogo."

Octave alisimama pale pale.

"Baba! Si nilikuambia?"

"Uliniambia, na nilisikia. Nilijua iko weye. Lakini tangu niko kijana wananilimisha ile kitu kwa fimbo, na hakuna hata siku moja mutu aliniuliza kama naitaka. Leo wananipatia kalamu, wananiuliza: weye mwenyewe unataka nini? Mwana yangu, ningejibu pamba?"