Mkurugenzi Aliyechaguliwa kwa Kunyamaza

Kerttu Heiskala hakuomba ukubwa. Ukubwa ulimkuta amekaa darasani, ana miaka kumi na sita, anatazama theluji ya kwanza ikiangukia baiskeli za wenzake uani. Ulipompata, ukamkalia.

Shuleni kwao, huko Kainuu, katika nchi ya Wafini, kuna somo la ujasiriamali. Wanafunzi wanaunda kampuni ya kweli, yenye bodi, bidhaa na wateja wenye kulalamika. Wanaiendesha mwaka mzima wa shule, kisha mwezi wa Mei wanaizika. Ndiyo sheria. Uwe umetajirika, uwe umefilisika, Mei ikifika kampuni inakwenda kaburini na wewe unakwenda likizo.

Siku ya kuchagua uongozi, Mwalimu Ahti alikuja na nyundo yake ya mbao, kale kanyundo ka mikutano ambako watu wa kule hawawezi kuamua hata rangi ya pazia bila kukagongesha mezani. Jesse Kokkonen, kijana pekee wilaya nzima anayeongea kabla ya kuulizwa, akanyoosha mkono.

"Napendekeza Kerttu awe mkurugenzi. Ana sura ya mtu anayefikiri."

"Kuna anayepinga?" akauliza Ahti.

Sasa, kuna nchi ambazo mtu akinyamaza unamuuliza tena, unamtania, unamvuta sikio mpaka aseme. Kwa Wafini kimya ni jibu, tena jibu lililokamilika. Kerttu alikuwa anapinga. Alikuwa anapinga kuanzia unyayoni. Ila alikuwa bado anatafuta neno la kuanzia, na alipolipata, nyundo ilikwisha gonga.

"Imeamuliwa," akasema Ahti, na kila mtu akaonekana ameburudika.

Nyumbani hawakushangaa. Mama yake alikuwa mweka hazina wa kwaya kwa njia hiyohiyo, na hajui kuimba. Babu yake Taavetti aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji mpaka nywele zikamwisha. Ukoo mzima una vyeo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema anakitaka cheo chake.

"Vumilia, bi mkurugenzi," babu alimwambia. "Mei haiko mbali."

Hapo ndipo Kerttu alipoiweka roho yake: Mei. Alitaka kitu kimoja tu, nyundo ile imgongee kutoka kama ilivyomgongea kuingia. Halafu majira ya joto aende kinamasini na babu kuchuma matunda, wakae kutwa bila kuulizana jambo.

Bidhaa yao ilikuwa Kengele. Kijisanduku cha plastiki, kimeundwa kwa mashine ya karakana ya shule, ndani kina kibao cha umeme alichokipanga Kerttu mwenyewe, maana ukimwondoa yeye, darasa zima lilikuwa maneno matupu. Unakipachika ukutani ndani ya sauna, kile chumba cha mawe ya moto cha kuogea mvuke. Joto likifika nyuzi themanini, simu yako inapata ujumbe: Sauna tayari. Jesse akatunga tangazo lake, "Hakuna kusubiri tena," na kabla ya Krismasi waliuza kila walichotengeneza. Kimoja Kerttu alimpa babu kama zawadi.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo mtoto wa mjini asingelifanya, kwa kuwa asingekuwa na babu mwenye sauna ya moshi.

Sauna ya moshi haina bomba la kutolea moshi. Kuni zinawaka saa nyingi, moshi unajaa chumba kizima, kisha moto unazimika na mlango unaachwa wazi. Unamwaga maji ya kwanza juu ya mawe, hayo si yako, ni ya kufukuzia ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Halafu unangoja. Joto linatangulia, hewa safi inachelewa. Kila mtu aliyezaliwa Kainuu analijua hilo, Kerttu akiwemo. Ila wakati wa kupanga kile kibao hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Jumamosi moja ya Januari alimkuta babu ameketi kwenye theluji mbele ya sauna, amejifunga taulo, uso mwekundu kama nyanya, anatapika pembeni kwa heshima.

"Babu, umeingia mapema?"

"Kengele ilisema tayari."

"Lakini wewe unajua kungoja. Ulinifundisha wewe."

"Najua." Akajipangusa mdomo. "Ila wewe ndiye mkurugenzi. Nikasema labda siku hizi na moshi nao una haraka."

Kerttu akamwinua, akamwingiza ndani, akamfunika mablanketi. Daktari wa zamu aliambiwa kwa simu, akaja, akamfokea mzee, akanywa kahawa, akaondoka. Babu alipona.

Alhamisi iliyofuata, mezani shuleni, mbele ya supu ya njegere, Kerttu akamwambia Jesse.

"Lazima tuviondoe sokoni."

"Mama wee, kwani sauna za moshi zimebaki ngapi? Tutaandika onyo kwa chini."

"Babu alikaribia kufa."

"Hakufa, lakini." Jesse akatia haradali kwenye supu. "Na maonyesho ya kushindanisha kampuni za shule ni wiki ijayo. Unataka tuoneshe nini, sanduku tupu?"

Kerttu akaenda kwa Mwalimu Ahti, akamwambia anajiuzulu. Ahti akamsikiliza kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Kujiuzulu kunaamuliwa na mkutano," akasema. "Na mkutano ni Mei. Lakini hilo la babu yako, Kerttu, liseme kwenye maonyesho. Majaji wanapenda changamoto."

Basi Kerttu akafanya lililokuwa mikononi mwake. Akawapigia simu wateja mmoja mmoja, yeye ambaye akipiga simu kuagiza piza mikono inamtoka jasho. Akawaambia: kama una sauna ya moshi, kitoe ukutani. Nusu yao walidhani anawauzia cha pili. Bibi mmoja akaagiza viwili.

Maonyesho yalifanyika mjini, kwenye ukumbi wa duka kubwa, katikati ya viatu na vitanda. Kerttu alipanda jukwaani. Jesse alikuwa amemwandikia hotuba yenye vichekesho vitatu. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kifaa chetu kilikaribia kumuua babu yangu," akasema. "Kinapima joto, hakipimi hewa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kwenye sauna ya moshi msikitumie. Tena ningependa msikinunue kabisa."

Kerttu akahisi kifua kinafunguka, kwa mara ya kwanza tangu theluji ya kwanza. Alijua yamekwisha. Hakuna duniani mtu anayempa tuzo muuzaji anayefukuza wateja.

Jaji mmoja, mama mwenye miwani myekundu, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata.

"Miaka yote nasikiliza watoto wanaosema bidhaa yao haina kasoro," akasema yule mama. "Huyu ndiye mjasiriamali. Ameshindwa, ametambua, amesema."

Wakawapa tuzo ya kwanza. Nafasi ya kambi ya kampuni changa, Helsinki, majira yote ya joto, pamoja na wahandisi wa kuwasaidia kuongeza kipima hewa. Sharti moja tu: kampuni isifungwe.

Kerttu alipigwa picha akiwa ameshika shada la maua. Kwenye ile picha anaonekana kama mtu aliyefunguliwa mlango wa jela, akakuta nje ni jela nyingine, kubwa zaidi na ina bustani.

"Hongera, bi mkurugenzi," Jesse alimnong'oneza. "Ningekuwa na akili ningeiandika mimi ile hotuba."

Mei ikafika. Barafu ikaachia mto, mbu wakaamka, mkutano wa mwisho ukaitwa. Ahti akaketi na nyundo yake mbele ya meza yenye kahawa na maandazi ya iliki.

"Kuna pendekezo kampuni iendelee, uongozi uleule. Kuna anayepinga?"

Safari hii neno alikuwa nalo tayari. Alilifanyia mazoezi bafuni, alilisema mbele ya mbwa.

"Napinga," akasema Kerttu. "Napendekeza kampuni ifungwe, kama sheria inavyosema. Hicho kipima hewa atengeneze mwingine."

Vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Ahti akamtazama, na kwa kweli alionekana kuguswa. Ni mwalimu mzuri.

"Limesikika," akasema. "Pendekezo la kupinga linahitaji kuungwa mkono. Kuna anayeliunga mkono?"

Kerttu akawatazama wenzake. Msichana aliyeshika mauzo alikuwa anatafuna midomo. Mvulana aliyeshika hesabu alijikuna shingo. Aliwajua; wawili watatu walikuwa wanamuunga mkono, wanamuunga mkono kuanzia unyayoni, na walikuwa bado wanatafuta neno la kuanzia.

Nyundo ikagonga.

"Limeanguka kwa kukosa mwenye kuliunga. Imeamuliwa."

Jumamosi ile babu aliwasha sauna ya moshi. Waliketi ngazini, moto umezimika, mlango wazi, wakingoja. Kengele ilishatolewa ukutani. Tundu la skrubu lilikuwa limebaki.

"Kwa hiyo kinamasini nitakwenda na mbwa," akasema babu.

"Nilipinga, babu."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia." Akatafuna jani la mti wa birchi. "Mimi sikuwahi kupinga."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Kerttu. Ulikuwa ujumbe wa Jesse: treni ya Helsinki inaondoka Jumatatu asubuhi, amkatie tiketi ya dirishani?

"Nani?" akauliza babu.

"Kazi."

"Huwajibu?"

Kerttu akaiweka simu chini, juu ya ubao, akatazama moshi wa mwisho ukitoka mlangoni polepole. Hakujibu. Jesse naye akangoja kidogo, akaona kimya, akakata tiketi.