Densiti ya Kiini, Nje ya Dirisha Langu

Mwaka nilioanguka na bodaboda kwenye barabara ya Maswa, nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia katika shule yetu, Bariadi. Mguu ulifungwa plasta kuanzia pajani hadi kifundoni. Nikabaki kitandani katika chumba cha kupanga, dirisha la nondo, choo kikiwa ng'ambo ya ua. Kila nilipotaka kwenda ilibidi mama mwenye nyumba anishike kwapani. Kwa aibu nikawa nakunywa maji kidogo.

Mtihani ulipokaribia, wanafunzi wa kidato cha sita walinifuata. Ndani hawakuenea, wakasimama dirishani. Ubao hawakuwa nao, wakaandika kwa mkaa ukutani, chini ya dirisha, mahali nisipoweza kuona.

"Nisomeeni," niliwaambia.

Jioni moja tulitafuta densiti ya kiini cha haidrojeni. Msichana mmoja alisoma: rediasi, femtomita moja nukta mbili. Akapata ujazo, saba nukta mbili. Akageuza kuwa mita kwa kumi kipeo hasi kumi na tano, akagawanya tungamo kwa ujazo huo.

"Umepata nini?"

"Kidogo mno, mwalimu. Kiini ni chepesi kuliko pamba."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hata hewa inakishinda. Na wewe ulisema kiini ndicho kizito."

Nilijaribu kuinuka nikamwoneshe. Maumivu yakanirudisha kwenye mto. Nilikuwa nimezoea kufundisha kwa kidole na chaki. Sasa nilikuwa na mdomo tu.

"Rediasi uliipa kipeo cha tatu," nilisema. "Na femto yake je?"

Mkaa ukakwaruza.

"Hasi arobaini na tano!" alipiga kelele. Akagawanya upya. "Mbili nukta tatu, mara kumi kipeo kumi na saba, kilo kwa mita ya ujazo. Ni sahihi?"

"Sahihi."

"Basi kijiko kimoja tu cha kiini, malori yote ya kiwanda cha pamba cha Kasoli hayakibebi!"

Walikuwa bado wanabishana mama mwenye nyumba aliporudi kutoka shambani.

"Mwadila, mayu," walimwamkia kwa Kisukuma.

"Nani kachafua ukuta wangu?"

Wakatimua mbio, vicheko vikiishia njiani. Mimi nikabaki. Alinigombeza kupitia nondo, akachota maji, akaanza kusugua. Kibofu kilikuwa kimejaa tangu mchana. Nilingoja hasira zipungue kidogo, kisha nikamwita.