Nilichagua katuni ya kuangaliwa na familia nzima, mzee akaisimamisha mlimani

Wakuu, kwema? Vuteni viti. Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu, huku juu ya Moshi, na sijatia chumvi. Mashahidi wapo, mmoja ana miaka sita na bado hajajua kudanganya vizuri.

Kwanza mnijue. Nina projector. Naikodisha kwenye harusi na semina pale mjini.

Kwa hiyo, kama mnavyoelewa, mimi ni mtaalamu wa filamu.

Desemba iliyopita dada yangu alipanda kutoka Dar na wanawe wawili: Careen, miaka kumi na minne, na Junior, huyo wa miaka sita. Wachagga wenzangu mnajua, Desemba usipoonekana nyumbani watu wanaanza kuuliza umefungwa gereza gani.

Siku ya tatu tunamenya ndizi za supu ya mtori, dada akasema bila hata kushusha sauti, "Mwakani tutabaki Dar. Watoto wanaboreka huku, wanakaa tu."

Baba alikuwa mlangoni. Alisikia. Akaweka kofia yake sawa, akaenda kumkatia ng'ombe majani wakati bandani yalikuwa yamejaa.

Huyu mzee amepandisha wageni Kilimanjaro mpaka magoti yakagoma. Siku hizi anakaa na redio yake. Wajukuu wanampa shikamoo asubuhi, anaitikia marahaba, na maongezi ya siku nzima yameishia hapo.

Iliniuma, sitaficha. Wale watoto wasipokuja, pale anabaki yeye, mama na ng'ombe.

Nikasema sawa, hapa anahitajika mtaalamu.

Nikasoma makala tatu mtandaoni kuhusu animation ya kuangaliwa na familia nzima, nikawa profesa. Iwe na rangi. Iwe na vichekesho vya watoto, na vingine vya chini chini vya kuwachekesha wakubwa. Isiwe ndefu. Iwe na fundisho, lakini lisihubiriwe kama ibada ya pili. Nikapata moja yenye sifa zote: mbuzi, sungura na bata mzee wanapanda mlima wa theluji kwenda kuchukua kengele ya kijiji chao.

Siku ya pili baada ya Krismasi, saa nane mchana, manyunyu nje, nikatundika shuka jeupe sebuleni. Nikaziba madirisha kwa blanketi. Kisha nikatoa hotuba ya dakika kumi kuhusu sanaa, ambayo hakuna aliyeiomba, na sharti moja: hakuna kuongea filamu ikiendelea.

Wakuu, sharti lilifuatwa kikamilifu. Careen alinyamaza na simu yake. Mama alinyamaza kwa kusinzia. Junior alinyamaza anaangalia mlango wa jikoni. Vichekesho vya chini chini vilipita juu ya vichwa vyote, nikacheka peke yangu kwa sauti ili wajue ndipo pa kuchekea.

Hawakujua.

Ndipo wanyama wakafika mlimani. Mbuzi akaanza kupanda mbio, fulana moja mwilini, anaimba.

"Simamisha," baba akasema.

Nikadhani anataka kwenda msalani.

"Huyo anakimbia anakwenda wapi? Maji yake yako wapi? Na huyo bata kabebeshwa mizigo yote, nani kaipima?"

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba baba, hii ni katuni.

"Nimeona ni katuni. Kiongozi wao nani?"

Junior akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Babu, ni sungura."

"Basi sungura atawaua."

Careen akaweka simu chini. Hicho ni kitu ambacho mimi, vichekesho na makala tatu tulikuwa tumeshindwa.

Kuanzia hapo haikuwa filamu tena, ilikuwa safari ya mlimani. Kila baada ya dakika tatu, simamisha. Babu anauliza: nani amekula, nani amekunywa maji, nani kichwa kinamuuma? Careen akachukua daftari akawa anaandika hali ya kila mnyama. Junior akapimwa kama yuko sawa kwa kutembezwa sebuleni kwenye mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole. Mama aliamka kabisa, akakasirika kwamba wale wanyama wamempita kobe mzee njiani bila kumwamkia.

Mimi nilinuna. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe.

Bata alipoanza kuyumba, baba alisimama, na magoti yale yale. "Altitude imempata, hewa ya juu hiyo. Ashushwe sasa hivi, kengele si mali kitu." Sungura akaamua waendelee. Sebule nzima ilimlaani, na dada yangu, yule wa kubaki Dar, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Hapo hapo umeme ukakatika. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Filamu ya saa moja na nusu tulikuwa tumeiangalia kwa karibu saa nne, na hatujafika kileleni.

Umeme ulirudi asubuhi, mizigo ya dada na wanawe iko tayari kwenye gari.

Nikamwambia Careen aitafute kwenye simu wamalizie njiani. Aliniangalia kama mtu asiye na adabu. Akamwendea babu yake. "Babu, usiimalizie bila sisi. Tukija Desemba."

Mzee akamshika kichwa. "Watu wangu bado wako juu mlimani, mimi niende wapi?"

Dada alijifanya anatafuta funguo kwenye mkoba. Funguo zilikuwa mkononi.

Nilichojifunza: filamu ya marika yote ni ile ambayo kila rika lina la kusema, na mtaalamu anakaa kimya abonyeze kitufe. Makala zote tatu hazikuandika hilo.

Ninyi wenzangu, kwenu nani huwa anasimamisha filamu, na anagombana na nani humo ndani? Mwageni. Ila anayeijua hii ya kengele asithubutu kuniambia bata alifikia wapi.