Mama wa samaki ku guichet ya patente

Juma hii nilienda ku guichet mupya ya commerce, hapa Likasi, na matusi yangu ya Kifaransa tayari mu kinywa. Niko na diplome, kazi hakuna. Kukasirika ndiyo kazi yangu. Mbele yangu mama mumoja wa Tshangalele alikuwa anaomba patente, ruhusa ya kuuzisha samaki. Bila ile karatasi, watu ya taxe ku soko wanamunyanganyaka kitunga muzima. Alikuja na kiti yake na bukari ya kula, juu ya kungojea mpaka magaribi.

Hata kukaa hakukaa. Agent aliandika, akapiga cachet, muhuri ya serikali, akamupa.

"Bureau ingine ya kupitia iko wapi, papa?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. C'est fini."

Mama akasukuma samaki ya kukauka ku dirisha, vile tulizoea wote kulipa ba-agent chini ya meza. "Basi hii ni ya batoto."

Agent akairudisha na mikono mbili. "Uende uuzishe, mama. Hakuna muntu atakunyanganya tena."

Mama akabaki pale, anagusa cachet na kidole. Mon Dieu! Minye mwenye kutukana serikali kila juma, nikameza matusi yangu. Ligne nyuma yetu ilikuwa murefu, lakini hakuna hata mumoja aliyemuambia: sogea, mama.