Brashi ya Viatu vya Baba

Siku ile mlangoni tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa kike, mama jirani, ambaye alikuwa polisi, na afande msimamizi wa nyumba za kambi ya polisi, aliyekuja kututoa chumbani.

Mama alifariki kwanza, nikaacha shule nilee wadogo. Kisha baba, aliyekuwa polisi pia, naye akafa, na chumba cha kambi ni cha polisi aliye kazini. Tangu mazishi, kila asubuhi nilipiga brashi viatu vyake vya kazi, kama alipokuwa hai. Nisipofanya hivyo mkono uliitafuta brashi hata nikimimina chai. Kitinda mimba naye akiamka bila kusikia brashi, hakulia. Alikaa tu, hali, hasemi.

“Chemsha chai,” mama jirani aliniambia asubuhi ile. “Mtu atafukuzaje watu ameshika kikombe chao?”

Afande alikipokea kikombe, akanywa, akasema tutoke kabla jua halijazama. Kisha akaviona viatu.

“Mwenye hivi si amekufa?”

“Amekufa, afande.”

“Sasa unamng'arishia nani?”

Nilijua nikijibu vibaya tunalala nje. Nikamwonyesha mtoto. “Asiposikia brashi hali chakula.”

Alimalizia chai iliyobaki. “Chumba lazima kirudi,” alisema, sauti imeshuka.

“Kirudi,” mama jirani akasema. “Hawa wanahamia kwangu.”

“Kwako kuna chumba kimoja tu.”

“Afande, umemaliza chai ya yatima, sasa unataka kupima na chumba changu?”

Afande alicheka kidogo, akarudisha kikombe. Jioni godoro letu lilikuwa nyuma ya pazia la mama jirani, na viatu vya baba mlangoni kwake.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba nyuma ya pazia lile alikuwa amemwandalia mama yake mzazi nafasi, aje kutoka Kitgum, mbali kaskazini. Siku ile tuliyohamia alimpigia simu, akamwambia asubiri kidogo.

Sasa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kasubi, na wadogo wanasoma, bado wanalala nyuma ya pazia lile. Bibi yule bado anasubiri. Nimesema mimi ndiye nitakayemleta mjini, nikipata chumba cha pili, na bado sijakipata. Mama jirani akipiga simu asubuhi mapema, nahofia ni habari mbaya za bibi, na kabla sijapokea, mkono unatafuta brashi.