Mbao Ishirini na Sita

Shangazi hakuingia chumba chochote bila kuinua macho darini. Midomo ikimchezacheza, alitazama pembe hadi pembe, ndipo aketi. Hata mwalimu mkuu, siku alipopelekewa sare za wanafunzi, aliachwa na mkono hewani mpaka hesabu ikamilike. Nyumbani watoto walimtania kwamba anamtafuta mjusi wake.

Binti wa kaka yake, mwalimu wa fasihi, alikuwa miongoni mwa watani hao. Ijumaa moja mchana aliingia kwenye chumba cha cherehani na karatasi mbili mkononi, furaha imemjaa usoni. Kesho yake angechambua wimbo redioni, na wimbo wenyewe ulikuwa wa yule mwanamuziki aliyewahi kuwa mume wa Shangazi. Miaka thelathini watu walikuwa wakiulilia: mgonjwa yuko wodini siku tatu, anamngoja mpenzi wake, mpenzi haji.

"Soma basi," Shangazi alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Mwalimu alisoma. Mbao ishirini na sita za dari anazozihesabu mgonjwa ni siku za penzi lililopotea. Chai iliyopoa ni moyo wa mwanamke aliyemtupa.

Cherehani ilinyamaza.

"Chai ilipoa kwa sababu sikuweza kuinuka, mwanangu."

"Wewe, Shangazi?"

"Mimi. Mtoto alitoka amekufa. Siku tatu nimelala pale, kila mlango ukifunguliwa ni mgeni wa mwenzangu. Bwana yuko kwenye mazoezi ya bendi. Niliporudi nikamsimulia yote, mbao, chai, mlango. Alinisikiliza vizuri ajabu. Nikadhani anajuta, kumbe ananakili."

Akilini mwalimu alimwona yule mwimbaji mzee jukwaani, macho yamefumbwa, leso nyeupe mkononi, sauti ikikatika palepale kwenye mbao ishirini na sita, kila onyesho, bila kukosea. Yeye mwenyewe aliucheza wimbo huo siku ya harusi yake, Shangazi amekaa meza ya mbele. Alipiga hata picha na mwimbaji, wamekumbatiana. Kinyaa kilimpanda, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ilikuwa juu ya nafsi yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama yako alikuwa akiupigia mluzi jikoni."

"Basi kesho nitasema mimi."

"Useme nini? Kwamba shangazi yako alizaa maiti? Na hicho watakiimba." Aling'ata uzi, akaukata. "Yule mtoto nilimpa jina. Baba yake hakuuliza, ndiyo maana halimo kwenye wimbo. Hilo tu ndilo lililobaki langu. Usinifungulie mlango, wakaja kulichukua."

Mwalimu alizichana karatasi, na kesho yake akaenda redioni mikono mitupu. Aliapa moyoni kwamba siri ya Shangazi haitamtoka, lakini kumsifu yule mtu nako asingeweza, hata kwa neno moja.

Mtangazaji aliucheza wimbo wote, akavuta pumzi ndefu. "Mwalimu, tufafanulie maumivu haya."

"Maumivu gani?" mwalimu aliuliza. "Huyu mgonjwa simwamini. Siku tatu yuko kitandani na hana mahali panapomuuma. Hatuambiwi ni tumbo, mguu wala jino. Anajua mbao za dari tu. Mimi nadhani kitanda hicho kilikuwa cha mtu mwingine, na yeye hakwenda hata kumjulia hali."

Simu zilimiminika. Mmoja alisema mwalimu hajawahi kupendwa. Mwingine alitaka afukuzwe kazi. Mtangazaji, jasho likimtoka, aliurudia wimbo ili kuwapoza watu, na mwalimu akaondoka studioni kabla leso nyeupe haijamrudia machoni.

Yuko bado ngazini, simu yake ikaita.

"Nimekusikia," Shangazi alisema. "Miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kuuliza panauma wapi. Haya, nenda kanawe mdomo, mama. Umemzungumzia mno."