Siku Tulijaza Tanki Mpaka ku Shingo

Mimi sikusoma sana. Masomo yangu ilikufia njiani. Lakini nyumba niko nayo ku Butembo, gari niko nayo, na hakuna mutu alinipa hata musumari moya ya kuanzia.

Gari ile niliendeshaka na esanse ya chupa, petroli ya ku barabara. Nani hapa kwetu anajaza tanki? Unanunua yenye itakufikisha, unaenda. Miaka yote ilikunywa namna ile, na haikulalamika hata siku.

Basi shemeji yangu, mudogo wa muke yangu, bwana yake alikufa akamuachia batoto. Akauzisha shamba yake ya Kipese, yote, akanunua mapipa ya esanse na pompe ya mukono, akafungua depo ku Beni, ku barabara ya kwenda Kasindi. Shamba imeisha, sasa ni mapipa tu. Akaniita: “Shemeji, wewe njo utakuwa muteja wangu wa kwanza.” Kwetu muteja wa kwanza anachunguliwa sana. Akiondoka muzuri, bengine banakuja. Akiharibikiwa, biashara imekufa asubui ile ile.

Nikafika na muke yangu. Ba-motari walijaa pale na moto zao, pikipiki za kubeba batu, kila moya anangojea kuona. Nikasema kwa nguvu, bote basikie: “Jaza! Mpaka ku shingo!”

Tanki ikijaa, sisi tunatikisaka gari, hewa itoke, esanse ingine iingie. Donc ba-motari bakashika gari huku na huku, bakaitikisa kama mutu anapepeta muharagi. Shemeji akaongeza. Bakatikisa tena. Akaongeza mpaka nikaona esanse inametameta ku mudomo ya tanki.

Nikawasha. Gari ikakohoa. Ikatetemeka yote, moshi mweusi ikatoka nyuma, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena.

“Mama, umemupa muzee mayi!” motari mumoja akalalamika kwa kicheko.

“Mayi gani? Ile ni pombe ya kasiksi! Gari imelewa!” motari wa pili akaitikia.

Bakacheka. Mwingine alikwisha kugeuza moto yake aende kununua fasi ingine. Shemeji alisimama na pompe mu mukono. Muke yangu akanivuta koti: “Fanya kitu, wewe! Usimuache hivi!”

“Mufunge midomo!” nikasema. “Mutu asiseme mayi mbele ya kuona mayi.”

Nikachota esanse ya pipa mu chupa nyeupe ya kioo, nikaiweka juu ya ukuta, ku jua. Mayi na esanse hailali pamoja, mayi inashuka chini. Tukangojea. Hakuna kitu. Nikaimwanga mu tanki ya moto ya yule mwenye kicheko, moto yake ikaimba muzuri. Lakini bado banasema: “Moto inakula kila kitu. Tuone gari.”

Sasa hapo njo akapita rafiki yangu, shofere muzee wa malori ya Kasindi, Muislamu wa Beni, anatoka musikitini. Mimi naye tunatukanana tangu ujana.

“Butembo imekushinda,” akasema, “unakuja kufia ku barabara yetu?”

“Mudomo mingi! Fungua kapo.”

Akafungua kile kifuniko ya injini. Hakushika kitu. Alinusa tu, kama mama ananusa chungu. Halafu akanionyesha kasanduku keusi, kama mukebe ya maziwa, kenye tiyo, mipira nyembamba. Kila siku nilikaonaka, nikazania ni pambo. Akachomoa tiyo moya: esanse ikadondoka.

“Haka kasanduku kazi yake ni kunusa,” akasema. “Ninyi mumekanywesha.”

Akanieleza. Esanse mu tanki inapumua. Pumzi yake inapanda kufika mu kasanduku, kasanduku kanaishika, kanaipa motere, injini, kidogo kidogo. Ukijaza mpaka ku shingo na ukatikisa, si pumzi inapanda tena, ni esanse yenyewe. Motere inangojea harufu, inapewa supu.

“Kanashika pumzi na nini?”

“Fungua uone.”

Tukakatoa, tukakafungua chini, tukamwanga ku kipande ya bati. Ikaanguka mbegu nyeusi, nyepesi. Nikakamata moya, nikaivunja na vidole. Mukono ukawa mweusi.

“Lakini… haya ni makala!”

“Makala.”

Zamani, mbele ya yote, mimi niliuzaka makala ku soko ya Butembo. Niliibeba ku mugongo, najua makala nzuri kwa sauti yake ikigongana. Na miaka yote hii ilikaa mbele yangu, chini ya kapo, kimya, imeshika pumzi ya esanse. Batu ba mbali, na mashine zao zote, balitafuta kitu ya kushika pumzi, bakakuta makala! Sikucheka. Nilivua kofia, mbele ya batu bote.

Rafiki yangu akaziba na kijiti tiyo ya kwenda mu motere, esanse isiingie tena, tukatosha kidogo ku tanki, tukarudisha mu bido, dumu ya shemeji. Nikakanyaga pedali ya esanse mpaka chini, nikawasha. Ikakohoa, ikatema moshi, halafu ikatulia, ikanguruma sawasawa. Nikaizungusha mpaka ku rompwe, kwenye barabara zinakutana, na kurudi. 

Nikaweka bati ya makala ku jua, karibu ya barabara. “Adui njo hii! Esanse ya mama haina kosa.”

Yule mwenye kicheko akainama, akanusa. “Muzee, kumbe gari inapikaka!” Bote bakacheka, na shemeji naye. Halafu akasukuma moto yake mpaka ku pompe. “Mama, unitilie.” Mwingine akasimama nyuma yake, na mwingine.

Shemeji akapompa huku machozi inamutoka, hakupanguza sababu mikono ilijaa esanse. Mimi nikamukaribia na mbegu ya makala mu kiganja. Nilitaka kumueleza namna inashika pumzi, aone ile ajabu.

“Shemeji,” akaniambia, “ondosha gari. Unazuia bateja.”